BWANA TELEKI WA HUNGARIA NA ZIWA LA KASKAZINI

Mtu akiitazama ramani ya Kenya ataona upande wa kaskazini ziwa refu, jembamba, lililolala kama upanga kutoka mpaka wa Ethiopia kuelekea kusini. Urefu wake ni karibu kilomita 290, na katika nchi kame za dunia nzima halina mwenzake kwa ukubwa. Leo laitwa Ziwa Turkana. Lakini wazee waliosoma shule kabla ya mwaka 1975 walifundishwa kuliita Ziwa Rudolf. Kusini mwa ziwa hilo pana mlima wa moto uitwao Teleki, na huku Mlima Kenya, upande wa magharibi, liko Bonde la Teleki, ambamo wapandaji wengi hulala kabla ya kuvikabili vilele. Majina haya si ya Kisamburu, wala Kikikuyu, wala Kiturkana. Yametoka nchi ya mbali iitwayo Hungaria, katikati ya Ulaya, nchi isiyopakana na bahari.

Msomaji wa Kapkatet, ambaye asubuhi akifungua mlango huona mashamba ya chai na umande juu ya majani, hawezi kuiwaza upesi nchi ya ziwa lile. Huku mvua ni jamaa wa nyumbani. Kule ni mgeni wa nadra. Huku udongo ni mwekundu na laini. Kule ni mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto, na upepo wa kung'oa hema. Tena msafara wa Bwana Teleki haukufika Kericho wala Bomet. Ulipita mbali upande wa mashariki. Hata hivyo, habari za mtu huyu zafaa kujulikana na watu wa huku pia, kwa kuwa mambo yaliyoufuata msafara wake yalifika mpaka vilima hivi vya chai.

UKOO WAKE NA NCHI YAKE

Samuel Teleki alizaliwa tarehe 1 Novemba, 1845, katika kijiji cha Sáromberk, jimbo la Transylvania. Alikuwa kabaila, yaani mtu wa ukoo wa mabwana wenye mashamba makubwa na vyeo vinavyorithiwa na mtoto kutoka kwa baba. Ukoo wa Teleki ulikuwa maarufu kwa siasa na kwa elimu pia. Mmoja wa jadi zake, naye akiitwa Samuel Teleki, alikuwa waziri mkuu wa mambo ya Transylvania, akakusanya vitabu maelfu kwa maelfu, na mwaka 1802 akaifungua maktaba yake ili watu wote waje kusoma. Katika karne ya 20, mtu mwingine wa ukoo huo, Pál Teleki, aliyekuwa mtaalamu wa jiografia, alikuwa waziri mkuu wa Hungaria mara mbili.

Mtoto huyu alizaliwa wakati wa misukosuko. Alipokuwa wa miaka miwili tu, mwaka 1848, Wahungaria waliinuka kudai serikali yao wenyewe, kwa maana walikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Lajos Kossuth. Walipigana kwa ushujaa, lakini mwaka 1849 Kaisari wa Urusi alileta majeshi yake kumsaidia mwenzake wa Austria, na Wahungaria wakashindwa. Tarehe 6 Oktoba, 1849, majemadari 13 waliuawa katika mji wa Arad. Miaka 18 ikapita. Kisha, mwaka 1867, pande mbili zikapatana: Hungaria ikapata bunge lake na mawaziri wake, na Kaisari Franz Joseph wa Austria akavikwa taji kuwa Mfalme wa Hungaria. Mfalme akawa mmoja, nchi mbili.

Basi kijana Teleki alikulia katika nchi iliyoonja kushindwa na kisha ikapata heshima yake kwa mapatano. Alisoma katika vyuo vikuu vya Göttingen na Berlin, Ujerumani. Kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa daraja lake, aliingia jeshini, akawa afisa wa askari wapanda farasi waitwao wahusari. Askari wa namna hii walianzia Hungaria, na baadaye mataifa mengi ya Ulaya yakaiga mavazi yao na vita vyao vya mbio. Kisha, mwaka 1881, akaingia katika Bunge la Hungaria.

Yafaa kueleza hapa kwamba Bunge lile halikuwa kama mabunge ya leo. Waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa sehemu ndogo tu ya watu, maana mtu alipimwa kwa mali yake, kodi yake au elimu yake, na wanawake hawakuhesabiwa kabisa. Kwa hiyo mtu wa ukoo mkubwa, mwenye mashamba, hakuwa na njia ndefu ya kufika huko. Bwana Teleki hakusifika kwa hotuba wala kwa sheria alizotunga. Moyo wake ulipenda zaidi bunduki, msitu na safari.

URAFIKI NA MWANA WA MFALME

Kaisari Franz Joseph alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, Rudolf, aliyezaliwa mwaka 1858, ambaye ndiye angemrithi. Rudolf alipenda kusoma habari za ndege na wanyama, na alipenda kuwinda. Kwa njia hiyo Bwana Teleki na mwana wa mfalme wakawa marafiki. Teleki alipotaka kwenda Afrika kuwinda, Rudolf alimshauri asifuate wanyama tu, bali aende mbali zaidi, kaskazini ya Baringo, akatafute ziwa lililosemwa kuwa huko.

Habari ya ziwa hilo haikutungwa na Wazungu. Wafanyi biashara wa pwani waliokwenda bara kununua pembe za ndovu walikuwa wamekwisha kuisikia na kuisimulia. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884 hata akafika Baringo na Ziwa Viktoria, naye aliisikia. Lakini katika ramani zilizochapwa Ulaya sehemu ile ilikuwa nyeupe, haina alama.

Rudolf pia alimwomba Teleki amchukue afisa mmoja kijana wa jeshi la majini, Ludwig von Höhnel, aliyezaliwa mwaka 1857. Watu hawa wawili walitofautiana sana. Teleki alikuwa mnene, mcheshi, mwenye fedha na mwindaji. Höhnel alikuwa mwenye vipimo na kalamu, ambaye kila siku aliandika njia, milima na mito. Teleki alilipa gharama za safari, na Höhnel akachora ramani. Lau si Höhnel, huenda watu wa leo wasingejua ila machache juu ya safari hiyo, kwa kuwa Teleki mwenyewe hakuandika kitabu. Kitabu chao kiliandikwa na Höhnel, kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1892 na kwa Kiingereza mwaka 1894.

WATU WALIOBEBA SAFARI

Wageni hao walifika Unguja mwishoni mwa mwaka 1886. Huko ndiko kila msafara wa bara ulikotengenezwa siku zile. Hapakuwa na reli wala barabara. Magari yalikuwa hayajaja. Ng'ombe na punda hawakufaa sana kwa sababu ya ndorobo na magonjwa. Kila kitu kilichukuliwa kichwani au begani mwa mwanadamu. Mpagazi alibeba mzigo wa ratli 60 au zaidi, pamoja na mkeka wake, sufuria yake na chakula chake mwenyewe, akitembea siku baada ya siku juani na mvuani.

Tena hapakuwa na sarafu iliyopokewa bara. Nguo, shanga na nyaya za shaba na za chuma ndizo zilizokuwa fedha. Kwa vitu hivyo msafara ulinunua nafaka na mbuzi, na kwa vitu hivyo ulilipa hongo, yaani ada ya kupita katika nchi za watu. Ilimpasa mkubwa wa msafara ajue ni shanga za rangi gani zinazopendwa mahali gani, maana zilizogombewa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi ya pili. Maarifa haya hawakuwa nayo Wazungu. Waliyajua watu wa pwani.

Miongoni mwao alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyi biashara ya pembe, aliyeijua njia ya Umasaini na ambaye alikuwa pamoja na Thomson miaka michache kabla. Alikuwako pia Dualla Idris, Msomali, msimamizi wa askari wa Kisomali, mtu aliyekwisha kusafiri sana na mwenye kujua lugha mbalimbali. Mwaka 1887 ulipoanza, msafara uliondoka Pangani, watu mamia, wengi wao wapagazi kutoka Unguja na mrima. Kitabu cha Höhnel kimewataja wachache kwa majina. Wengine waliobaki ni hesabu tu.

MLIMA WA KWANZA NA MLIMA WA PILI

Msafara ulipita Taveta, mahali palipokuwa kituo cha misafara yote ya Umasaini, penye miti mikubwa, maji mengi na wenyeji wapole. Kutoka huko Teleki aliujaribu Mlima Kilimanjaro mwezi wa Juni, 1887. Alipanda mpaka akafika kwenye theluji, kisha pumzi ikamshinda, akarudi. Kilele chenyewe kilifikiwa mwaka 1889 na Mjerumani Hans Meyer pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria.

Baadaye msafara ulipita nchi ya Wamasai hata ukafika Ngong, na kutoka hapo ukaingia nchi ya Wakikuyu. Misafara ya pwani ilikuwa imezoea kuizunguka nchi hiyo. Wakikuyu walikuwa na mashamba mazuri na chakula tele, wakauza nje ya msitu, lakini hawakupenda wageni wenye bunduki wapite katikati ya mashamba yao. Teleki alipita. Mahali pengine alifanya mapatano na urafiki wa kuchanjana; mahali pengine yalizuka mapigano, watu wakauawa, na mifugo ikatwaliwa. Höhnel aliyaandika mambo hayo bila kuyaficha, akiyaeleza kwa upande wa mwenye bunduki. Maelezo ya upande wa pili hayakupigwa chapa wakati ule.

Mwezi wa Oktoba, 1887, wakiwa magharibi ya Mlima Kenya, Teleki aliupanda pamoja na watu wachache. Walikata njia katika msitu mkubwa, kisha katika mianzi, mpaka wakatoka kwenye nchi ya juu yenye majani makavu na mimea ya ajabu, mirefu kuliko mtu. Mmoja wa mimea hiyo, wenye manyoya kama mkia wa mnyama, wataalamu wameuita Lobelia telekii kwa ajili yake. Alifika zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, katika bonde lile lenye jina lake, asiende mbele. Kilele cha Batian kilipandwa mara ya kwanza na Mwingereza Halford Mackinder pamoja na wenzake mwaka 1899.

NJAA YA BARINGO NA SAFARI YA ZIWA

Kutoka Mlima Kenya msafara ulishuka kwa njia ya Laikipia mpaka Njemps, karibu na Ziwa Baringo, kwa watu wa Ilchamus, ambao ni jamaa za Wamasai na wakulima hodari wa kumwagilia maji mashamba. Lakini mwaka ule chakula kilikuwa haba. Wenyeji wenyewe walikuwa na njaa, na msafara wa watu mamia ni kama nzige katika nchi yenye upungufu. Ikawa lazima watu watumwe mbali kutafuta nafaka, na bunduki za Teleki na Höhnel zikawalisha wengine kwa nyama ya vifaru, nyati na ndovu.

Mwezi wa Februari, 1888, waliondoka Baringo kwenda kaskazini. Hapo ndipo hatari hasa ilipoanza, maana mbele hapakuwa na soko, na visima vilikuwa mbali mbali. Kiu iliwatesa. Mapema mwezi wa Machi, baada ya kuupita Mlima Nyiro, waliona mbele yao, chini kabisa, maji mengi yakimeta jua. Wapagazi waliochoka walipiga mbio, wakajitupa majini ili wanywe. Kumbe maji yenyewe yalikuwa ya magadi, hayakati kiu vizuri. Furaha na huzuni vikaja pamoja. Hata hivyo hayakuwa na sumu, na kwa kuwa hapakuwa na mengine walikunywa hayo hayo, wakaendelea.

Teleki aliliita ziwa hilo Rudolf, kwa heshima ya rafiki yake. Mlima wa moto uliosimama karibu na ncha ya kusini, ambao wakati ule ulikuwa ungali ukitoa moshi, Höhnel aliuita Teleki. Kisha walifuata ufuo wa mashariki, juu ya mawe meusi yakatayo miguu, katika joto kali na upepo usiokoma. Waliwaona watu wa El Molo, jamaa ndogo waishio kwa kuvua samaki, na mwisho wa ziwa wakafika kwa Wadasanachi, ambao Höhnel amewaita Reshiat. Hao walikuwa na mtama, na wageni wakapokewa vizuri, wakala, wakapumzika. Höhnel alikuwa mgonjwa sana. Mwezi wa Aprili walikwenda mashariki wakaona ziwa la pili, dogo, wakaliita Stefanie kwa jina la mke wa Rudolf, binti wa Mfalme wa Ubelgiji. Leo laitwa Chew Bahir, nalo liko Ethiopia, na mara nyingi hukauka kabisa.

Walitaka kuendelea magharibi, lakini Mto Omo, unaoleta sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa, ulikuwa umefurika. Wakarudi kusini, kisha wakapita katika nchi ya Waturkana na Wapokot. Safari ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda. Mvua zilikuwa zimekosekana, mifugo ya wenyeji ilikuwa michache, na shanga hazina thamani kwa mtu asiye na chakula cha kuuza. Watu walikula matunda ya mwituni na mizizi. Wengi walianguka njiani wasiinuke tena. Msafara ulipoingia Mombasa mwezi wa Oktoba, 1888, ulikuwa mdogo sana kuliko ule uliotoka Pangani, na Bwana Teleki aliyekuwa mnene alirudi amekonda.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Januari, 1889, Rudolf alikutwa amekufa katika nyumba yake ya kuwindia huko Mayerling, karibu na Vienna, kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye jina aliliacha jina lake juu ya maji ambayo hakuyaona kamwe.

JE, ZIWA LILIVUMBULIWA?

Vitabu vingi vya zamani vimeandika kwamba Teleki na Höhnel walilivumbua Ziwa Rudolf. Neno hili lataka kupimwa. Wasamburu walikuwa wakinywesha ng'ombe wao nchi ile, Waturkana wakichunga ng'ambo, El Molo wakivua, Wadasanachi wakilima kando ya maji. Kila mmoja wao alikuwa na jina la ziwa. Tena uchunguzi wa siku za baadaye umeonyesha kwamba binadamu wa kale sana waliishi huko: mwaka 1984 Mkenya Kamoya Kimeu alikuta karibu na Nariokotome mifupa ya kijana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Basi haiwezekani kusema kwamba ziwa lilikuwa halijulikani.

Lakini si kweli pia kusema kwamba safari ile haikufanya kitu. Kazi yake ilikuwa kuliandika ziwa mahali pake katika ramani, kwa vipimo, na kuandika habari za watu, wanyama na nchi. Vitu vilivyokusanywa safarini vilihifadhiwa katika majumba ya ukumbusho ya Ulaya. Habari hizo zina thamani nyingine ambayo Höhnel mwenyewe hakuweza kuijua. Miaka michache tu baada ya wao kuondoka, sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikaua ng'ombe na nyati wasiohesabika. Ikafuatwa na njaa na ndui. Makabila ya wafugaji yaliyokuwa na nguvu yakadhoofika. Kwa hiyo kitabu chake ni kama mtu aliyetazama nyumba jioni moja kabla haijaungua.

Ramani nayo ina kazi mbili. Mtu huitumia kujua njia. Serikali huitumia kugawa nchi. Mwaka 1886, wakati Teleki alipokuwa akijiandaa, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikikubaliana mpaka kati yao kutoka Umba mpaka Ziwa Viktoria. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza ulinzi wao juu ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu. Wanandi walipigana kwa miaka mingi mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Nchi ya Wakipsigis nayo ikaingizwa chini ya serikali, sehemu zake nzuri zikatwaliwa, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza kupanda chai Kericho. Bwana Teleki hakupanda mche hata mmoja wa chai, wala hakuamuru mtu ahamishwe. Lakini wasafiri kama yeye ndio waliotangulia, na nyuma ya mwenye dira walikuja wenye mikataba. Mzee wa Kapkatet aelezaye jinsi baba zake walivyohamishwa anasimulia sehemu ya pili ya hadithi hiyo hiyo.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Teleki alirudi Hungaria, akaishi katika mashamba yake na katika mji wa Budapest. Alikufa huko tarehe 10 Machi, 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa na miaka 70. Hakuona mwisho wa vita. Mwaka 1918 dola ya Austria na Hungaria ilivunjika, na kwa mapatano ya Trianon ya mwaka 1920 jimbo la Transylvania likatiwa katika nchi ya Romania. Kijiji alichozaliwa, Sáromberk, leo katika lugha ya Kiromania chaitwa Dumbrăvioara.

Hapa pana jambo la kufikiriwa. Mtu aliyekwenda mbali akawapa watu wa mbali majina mapya, naye kijiji chake kilipewa jina jipya na wengine. Ndivyo dunia ilivyo: mwenye nguvu leo hutaja jina, na kesho hutajiwa. Mwaka 1975 serikali ya Kenya ililiondoa jina la Rudolf, na ziwa likaitwa Turkana. Jina la mlima wa moto na la bonde la Mlima Kenya yakabaki. Pengine hivyo yafaa, kwa kuwa historia haifutwi yote, nayo haipaswi kuandikwa na upande mmoja tu.

Upepo uliowasumbua wapagazi wa mwaka 1888 haujakoma mpaka leo. Kusini mashariki ya ziwa, katika nchi ya Marsabit, zimesimamishwa mashine 365 zenye mabawa, ambazo upepo huo huo huzizungusha na kutoa umeme. Mwaka 2018 umeme wake uliingizwa katika nyaya za taifa, ukachanganywa na wa maji na wa mvuke wa ardhini, na kugawanywa kwa miji, hospitali na viwanda vya Kenya. Hivyo pepo za nchi iliyodhaniwa kuwa haina faida zimekuwa mali ya watu wote. Lakini ziwa lenyewe lina mashaka. Mwaka 2016 Ethiopia ilifungua bwawa kubwa la Gibe III juu ya Mto Omo, na mwaka 2018 shirika la UNESCO likaziandika mbuga za ziwa hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kiasi cha maji na haki ya kuyatumia ni maswali mazito kuliko swali la nani aliyeyaona kwanza.

Mtu akiuliza basi Bwana Teleki alikuwa mtu wa namna gani, jibu la haki ni hili. Alikuwa jasiri na mvumilivu. Alilala njaa pamoja na watu wake, wala hakuwaacha nyikani akajiokoa peke yake. Alikuwa pia mtu wa zamani zake, aliyeona si vibaya kupita kwa nguvu alipokataliwa, na kuua wanyama wengi kuliko haja. Heshima apewe kwa aliyoyafanya, na lawama vivyo hivyo.

Lakini heshima hiyo isiishie kwake. Kila hatua kutoka Pangani mpaka Omo ilipigwa pia na miguu ya mpagazi mwenye ratli 60 kichwani. Bila Jumbe Kimemeta njia isingepatikana. Bila Dualla Idris askari wasingeshikamana. Bila mtama wa Wadasanachi wote wangekufa ufuoni. Wapagazi waliofia njiani hawana bonde wala mlima wenye majina yao. Kwa hiyo mwalimu aonyeshapo ramani ya Kenya darasani, na kidole chake kikafika kwenye ziwa lile refu, hatakosea akiwaambia watoto kwamba liliandikwa katika ramani na Wazungu wawili, na kwamba waliowafikisha hapo walikuwa Waafrika mamia.